Tupeane uzoefu: watoto na trampolini ya uani

Wazazi wenzangu habari zenu, naanza na langu. Mwanangu wa miaka 4 kavunjika mguu kwenye trampolini (kile kitambaa cha kurukia chenye springi pembeni) na wala hakuanguka nje, neti ipo, zipu imefungwa, na mimi nimesimama hapo hapo. Alikuwa anaruka na kaka yake wa miaka 11. Mdogo akatua wakati kile kitambaa kinarudi juu kwa nguvu za mkubwa, basi uzito wote ukaishia kwenye kamguu kake. Akasema tu "mama mguu", akakaa, hataki kukanyaga. Daktari kuangalia eksirei akaniuliza kwanza "walikuwa wangapi juu?", mimi hata sijaanza kueleza. Mfupa umepata ufa chini kidogo ya goti.

Nimekuja kusoma madaktari wa watoto wa Marekani wanasema karibu robo tatu ya majeraha hutokea watoto wakiwa zaidi ya mmoja juu, na anayeumia zaidi ni yule mdogo. Chini ya miaka 6, madaktari wa mifupa wa huko huko wanasema asipande kabisa. Muda wote nilikuwa naogopa wasianguke nje kumbe hatari iko humo ndani! Nyie mmepitia nini?

Mama Mapacha:
Pole sana mamii, mtoto apone haraka. Kwangu anaruka mmoja tu. Anayesubiri anakaa kwenye majani anamhesabia mwenzake kwa sauti mpaka 50 halafu wanabadilishana, ugomvi wa zamu umeisha. Siku ya bethidei wageni wakijaa ngazi naitoa naifungia stoo, wakininunia wanune tu.

Baba Binti:
Kwangu tatizo lilikuwa springi. Lile sponji la kufunika pembeni lililiwa na jua likachanika nikawa nasema nitanunua kesho, nitanunua kesho, binti akazamisha mguu katikati ya springi mbili, ngozi ikabanwa akapiga ukelele ambao mpaka leo nausikia. Sasa hivi kila Jumamosi napitisha mkono kuzunguka yote, na neti naivuta kwa nguvu kabisa, maana ile ya mwanzo niliivuta ikachanika kama gazeti.

Mjomba:
Samasoti (kujipindua hewani) marufuku jamani. Mpwa wangu alitua na shingo, mikono ikafa ganzi. Watu walitaka kumnyanyua nikakataa, alale hivyo hivyo mpaka wahudumu wa ambulensi wafike. Alipona, namshukuru Mungu, ila ikitokea kwako usimnyanyue wala usimgeuze shingo.

Mama Mdogo:
Na muifunge chini kwa vigingi, yetu ilibebwa na upepo usiku ikaenda kugonga ukuta.

Mwanzisha mada:
Asanteni sana. Mama Mapacha hiyo ya kuhesabu naianza leo na huyu mkubwa. Mdogo bado yupo na POP (ile plasta ngumu ya mguu), ameshauliza lini atapanda, nimemwambia akifika 6. Kaka yake kamchorea kalenda ukutani, kila siku wanakata mstari mmoja.