96, 71, 55: naweza kuchora mstari?

KahawaChungu (mleta mada):
Wakuu, kijiweni kwetu kuna ubishi umefika hatua ya kuwekeana soda. Mnakumbuka zile takwimu za Sauti za Wananchi, dodoso la simu la shirika la Twaweza, kuhusu kukubalika kwa utendaji wa Hayati Magufuli: 2016 asilimia 96, 2017 asilimia 71, 2018 asilimia 55. Nimeziingiza kwenye Excel nikachora mstari. Unashuka pointi 20.5 kila mwaka, R² (kipimo cha jinsi mstari unavyozikaribia nukta, 1 ndiyo kamili) ni 0.98. Kwa mwendo huo 2020 angekuwa na 12 na nusu. Tume ya Uchaguzi ikatangaza kapata asilimia 84 ya kura! Jamaa yangu anasema basi kura za maoni zote za kupika. Nani anadaiwa soda?

FundiRula:
Hebu urudishe huo mstari nyuma hadi 2015, mkuu. Unakuta anakubalika kwa asilimia 115. Hao 15 wa ziada walitoka Burundi?

MamaDodoso:
Nimekuwa mdadisi miaka sita, wa nyumba kwa nyumba na wa simu, kwa hiyo mnivumilie.

Soda mnadaiwa wote wawili. Kushuka kulikuwepo. 2017 walihojiwa watu 1,800 hivi, 2018 zaidi ya 1,200. Kwa sampuli za ukubwa huo, tofauti kati ya miaka miwili inaweza kuyumba kwa bahati tu kama pointi tatu na nusu. Hapa zimeondoka 16. Ingekuwa kutoka 57 hadi 55 ningewaambia mkalale.

Tatizo ni mstari. Una nukta tatu, mbili zimeliwa na mstari wenyewe (mstari wowote unazihitaji mbili), imebaki moja ya kukusahihisha. Ukiuwekea mteremko wako mipaka ya kawaida ya uhakika wa asilimia 95, unapata chochote kuanzia kushuka 53 kwa mwaka hadi kupanda 12. Hiyo 0.98 isikutie kiburi. Halafu 96 ile ilikuwa dari: Juni 2016, miezi saba tu tangu aapishwe, watu bado wanasimulia sherehe za Uhuru zilivyogeuzwa siku ya usafi. Ukiwa juu hivyo unabakiwa na njia moja tu. Na angalia, kwanza zilidondoka 25, kisha 16. Kasi ilikuwa inapungua.

Kinachonisumbua mimi ni mizani, yaani dodoso lenyewe. Mizani ya muuza nyanya ikizidisha robo kila siku, bado utajua kama leo umenunua nyingi kuliko jana. Ikizidisha robo leo na nusu kesho, umeliwa. Kwenye kazi yangu ya simu (siyo hiyo ya Twaweza) mhojiwa mmoja alinijibu "anafanya vizuri sana" kabla sijamaliza kusoma swali. Nikajaza "anakubali sana", ningefanyaje? Woga wa namna hiyo ukikua mwaka hadi mwaka, 55 inaweza kuwa juu ya ukweli. Wakichoka kupokea simu wale walioridhika, itakuwa chini. Zile pointi tatu na nusu hazigusi lolote kati ya hayo.

Na kukubali utendaji siyo kupiga kura. Matokeo ya 2020 upinzani uliyakataa, sasa utayatumiaje kuwa rula ya kupimia dodoso la 2018?

KahawaChungu:
Nimekuelewa, mama. Nikiongeza nukta za Afrobarometer, wale wapima maoni wa nchi nyingi za Afrika, je, si wanauliza swali kama hilo?

MamaDodoso:
Wanauliza, ila wao wanahoji ana kwa ana, watu kama 2,400, na Zanzibar imo. Sauti za Wananchi ilikuwa simu, Bara peke yake. Zichore kwa rangi nyingine na usiziunganishe. Ukiziunganisha utaona kupanda au kushuka ambako kumeletwa na simu tu.

FundiRula:
Na soda?

KahawaChungu:
Nimenunua mbili. Jamaa anadai yake ni ya takwimu za kupika, haiguswi na mstari wangu.