Karura nakimbia kilomita 10 bila shida, Bamburi nikakaa chini kama mgonjwa. Nilikosea wapi?

Fundi wa Zimmerman

Wadau, nisaidieni kabla sijaaibika mara ya pili.

Mimi ni fundi wa friji, nakaa Zimmerman, Nairobi, na Jumamosi nyingi utanipata msitu wa Karura. Naingilia upande wa Barabara ya Kiambu, nashuka hadi mtoni, napita mapangoni, narudi. Kilomita 10 kwa dakika 58, na pumzi ya kumsalimia kila mtu njiani inabaki.

Februari nikatumwa Mombasa kutengeneza friza za hoteli moja. Wenzangu wote waliniambia, wewe umezoea mita 1,700 juu ya bahari, ukishuka pwani hewa ni nzito, utaruka kama swara. Nikaamini. Siku ya mapumziko nikaenda zile njia za msitu wa Bamburi, msitu wa mivinje. Pazuri ajabu: kivuli, mabwawa, chini kumetandikwa majani makavu kama zulia. Nikaanza saa tatu na robo asubuhi, baada ya chai na mahamri manne. (Ndiyo, manne. Tusiongelee hayo.)

Mzunguko wa kwanza sawa. Wa pili, mwendo ni uleule lakini moyo unapiga 181, wakati Karura hauzidi 160. Fulana imelowa hadi inachuruzika. Kisha nikahisi baridi mikononi, juani! Nikakaa chini njiani. Mlinzi mmoja akanimiminia maji kichwani, hakuniuliza chochote, nadhani si mara yake ya kwanza.

Pasaka narudi, kuna arusi ya shemeji Kisauni, na nimeshajigamba kwa wakwe kwamba nitakimbia tena. Hewa ilikuwa ya kutosha. Sasa ni nini kilichonipiga?

Binti Kisauni

Pole shemeji yetu mtarajiwa. Watu wa bara mnatuchekesha. Februari ni kaskazi, jua kali na joto la kuchemka, halafu wewe unaanza saa tatu! Saa hiyo sisi tumeshakimbia, tumeoga na tumelala tena.

Pwani amka na adhana ya alfajiri. Saa kumi na mbili kasoro uwe umeshafunga raba. Ukikuta msitu haujafunguliwa, nenda ufukweni, ila kwanza uliza maji yakoje. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na kupwa kama saa nne, kwa hiyo mapema utapata kipande chembamba cha mchanga laini na miguu itazama. Wiki ya katikati ya bamvua mbili mambo hugeuka: asubuhi na mapema maji yako chini, mchanga ni mgumu, unakimbia kama uko kwenye lami.

Na mahamri manne si kifungua kinywa cha mkimbiaji, hicho ni chakula cha baharia.

Nesi Mkimbiaji

Ndugu Fundi, hiyo baridi mikononi juani usiichukulie mzaha. Ni dalili ya mwili kuzidiwa na joto. Ikikujia tena, na hasa ukianza kuchanganyikiwa au kutapika, simama, kaa kivulini, jimwagie maji, uitiwe msaada. Usimalize mzunguko kwa ajili ya wakwe.

Hewa nzito ilikusaidia kweli, ila ilikusaidia mapafu tu. Jasho halipoozi kwa kutoka, linapooza kwa kukauka. Nairobi asubuhi linakauka kabla hujaliona. Mombasa hewa imeshajaa unyevu, jasho linadondoka chini bure, na moyo unalazimika kusukuma damu kwenye ngozi na kwenye miguu kwa wakati mmoja. Ndiyo hiyo 181 yako.

Mwili hujifunza joto kwa siku 10 hadi 14. Kwa kuwa arusi haikupi siku hizo, anza kujizoesha hapahapa Nairobi: mara chache kwa wiki kimbia polepole mchana, dakika 30 au 40, umevaa nguo nzito kidogo. Maji yawe karibu, na usiwe peke yako. Ukifika pwani, ifuate pumzi na uisahau saa ya mkononi. Ukishindwa kuongea sentensi nzima, tembea.

Mzee wa Mivinje

Vijana mmesema vizuri, ila kuna jambo mmeliruka. Pale unapokimbia si msitu wa asili. Ni shimo. Watu wa saruji walichimba mawe ya matumbawe mpaka karibu wakute maji, na mwaka 1971 bwana René Haller, Mswisi, akaanza kupanda miti kwenye mwamba mtupu. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu, na mvinje ndio uliotamalaki. Majani yake hayakuwa yanaoza, mpaka wakaleta majongoo wenye miguu myekundu wakayala na kuyageuza udongo. Hilo zulia lako, Fundi, ni kazi ya jongoo. Mruke, usimkanyage.

Sasa fikiria: uko chini ya usawa wa ardhi, umezungukwa na mivinje, ambayo watu huipanda kuzuia upepo. Upepo wa bahari unapita juu ya kichwa chako. Wewe uko ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Tena angalia unapokanyaga. Chini ya majani kuna jiwe la matumbawe, na lile halina huruma na kifundo cha mguu.

Fundi wa Zimmerman

Asanteni. Nesi, nimesoma jibu lako nikaona aibu ya kitaaluma. Kila siku nawaambia wateja msiibane friji na ukuta, joto litatokea wapi? Kumbe mimi mwenyewe nilijibana na ukuta nikaongeza mahamri.

Leo nimejaribu zoezi lako, saa saba mchana, na rafiki yangu mmoja, mimi nimevaa sweta. Dakika 35, moyo 168. Askari wa getini akanitazama kutoka juu hadi chini, akauliza, "Bosi, kwani nyumbani umefukuzwa na nguo zote?"

Mzee, majongoo nitawaruka. Binti Kisauni, wiki ya Pasaka bamvua inaangukia siku gani?

Binti Kisauni

Tazama mwezi, shemeji. Hata Zimmerman unaonekana.