Mafundi watatu, 365,000 imeteketea, kumbe ni mpira wa tenki la presha!

Wakuu, nina hasira tangu jana jioni. Acheni niziteme hapa kabla sijamfuata mtu kwake.

Nakaa Goba, maji yangu ni ya kisima. Yanaingia kwenye simtanki iliyo chini, halafu kuna pampu ndogo inayoyasukuma ndani ya nyumba, na pembeni yake tenki la presha la lita 60. Sikujenga mnara, ndio ujanja wangu huo. Miaka sita halijanisumbua.

Mwezi wa nne pampu ikaanza vituko. Ukifungua bomba la jikoni inawaka sekunde mbili, inazima, inawaka tena. Tak! Ngrrr. Tak! Usiku mtoto akienda chooni tu, nyumba nzima macho. Bafuni maji yanakupiga usoni, mara yanachuruzika, mara yanakupiga tena. Umeme wa LUKU niliozoea kufika nao mwisho wa mwezi ukawa unakata tarehe 20.

Fundi wa kwanza hata begi hajalitua: "Swichi ya presha hiyo mzee." Kabadili, kachukua 80,000. Siku ya tatu, tak, ngrrr, tak. Wa pili akaja na yake: kapasita (ile ya kuipa mota nguvu ya kuanza) imechoka na nonritani (vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma) inavujisha. 65,000. Kukawa kimya wiki nzima (baadaye nikakumbuka wiki hiyo tulikuwa msibani Morogoro, nyumba haina mtu). Wa tatu alikuta pampu imeshaungua. Isingeungua vipi? Kila inapowaka inavuta umeme mwingi kuliko ikishachanganya, na hii ilikuwa inawaka na kuzima kutwa. Mota ikasukwa upya, 220,000. Nikamuuliza kwa mdomo wangu, "Na hili tenki je?" Akaligonga kwa spana. "Hilo bati tu mzee, huwa halina shida."

Bati tu!

Jana nikamwita dogo wa pancha anayejaza upepo bodaboda hapo kijiweni, maana niliona juu ya tenki kuna kifuniko cheusi, na ukikifungua kuna pini ileile ya tairi. Nikamwambia apime. Akabonyeza pini kwa kucha, maji ya kutu yakamrukia kwenye shati. Akanitazama. "Mzee, hii tairi imejaa maji." Dakika moja. Dogo hana cheti, ana geji na ndala.

Kwa asiyejua: ndani ya hilo bati kuna mpira kama puto. Maji yanakaa ndani ya mpira, upepo nje yake, na upepo ndio unaosukuma maji bombani pampu ikiwa imezima. Mpira ukipasuka maji yanakalia nafasi ya upepo, na maji hayabonyei. Ukifungua bomba kidogo presha inaporomoka, swichi inaiita pampu. Ikisukuma kidogo tu presha imefika, inazima. Swichi ilikuwa inafanya kazi yake, ndiyo wakaing'oa!

Tumefungua boliti sita za mdomoni, nikachomoa mpira kama utumbo wa mbuzi. Una mpasuko unaopitisha vidole vitatu. Mpya 40,000. Upepo tumejaza pampu ikiwa imezimwa, bomba wazi, tenki halina tone la maji, la sivyo geji inakudanganya. Swichi yangu inawasha presha ikishuka hadi psi 20 (kipimo kilekile cha upepo wa tairi) na kuzima ikifika 40, kwa hiyo upepo nimeuweka 18, chini kidogo ya pale inapowashia. Sasa hivi nakinga ndoo ya lita 20, inakaribia kujaa ndipo pampu inaamka.

Na mimi nina kosa, nakubali. Upepo hupungua wenyewe hata mpira ukiwa mzima. Ilitakiwa nipime angalau mara moja kwa mwaka. Lakini jamaa aliyenifungia tenki hakusema neno, na hawa fundi maiko watatu waliokula 365,000 zangu hakuna hata mmoja aliyegusa kile kifuniko. Kinafunguka kwa mkono!

Asubuhi nimempigia yule wa spana nikamweleza yote. Kanyamaza kidogo, halafu: "Basi mzee nitapita kuangalia, andaa nauli."

Nauli!