Sura ya María Sabina kwenye kipeperushi: ni nani aliyeiuza hadithi ya uyoga?

Mkaazi wa Utrecht (mleta mada)

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Uholanzi, ambako uyoga wenye silosibini, kemikali inayobadili fahamu, ulipigwa marufuku mwishoni mwa mwaka 2008, ingawa vifundo vyake vya chini ya udongo vingali vikiuzwa madukani kihalali. Wiki iliyopita nilipewa kipeperushi cha mafungo ya siku tatu ya kutumia vifundo hivyo, na juu yake imechapwa sura ya María Sabina, mganga wa Kimazateki wa Huautla de Jiménez, katika milima ya Oaxaca nchini Meksiko. Ninajua kwamba mwaka 1955 alimpokea R. Gordon Wasson, makamu wa rais wa benki ya J.P. Morgan, na kwamba makala ya Wasson katika jarida la Life la tarehe 13 Mei 1957 ndiyo iliyoutangaza uyoga huo duniani.

Swali langu ni hili: je, kosa lilikuwa kuuza kitu kitakatifu, au kuna jambo lililoitangulia biashara? Ninauliza kwa sababu waganga wa kwetu nao hupewa kifungua mkoba, na sijasikia mtu akisema kwamba ada hiyo huiharibu dawa.

Bi Msimulizi

Ndugu mleta mada, umefanya vyema kuiweka fedha kando kwanza. Biashara ilitanguliwa na hadithi, na hadithi yenyewe ilitanguliwa na cheo. María Sabina hakujua Kihispania. Maisha yake aliyasimulia kwa Kimazateki kwa Álvaro Estrada, naye mwenyeji wa Huautla, yakachapishwa mwaka 1977. Humo anaeleza kwamba aliyemletea ombi la kuwapokea wageni alikuwa Cayetano García, ofisa wa manispaa, naye akaona kwamba mwenye mamlaka hakataliwi.

Kilinge cha Kimazateki hukeshwa kwa sababu ya mgonjwa. Uyoga, ambao Sabina aliuita watoto watakatifu, huliwa ili chanzo cha maradhi kijulikane, na mganga huimba mpaka alfajiri. Wasson hakuwa mgonjwa. Katika kilinge chake cha kwanza, mwaka 1953, kwa mganga mwingine, shida aliyoitoa ilikuwa kutaka habari za mwanawe aliyekuwa mbali, maana asiye na shida hana la kufuata kilingeni. Hata hivyo, katika Life hadithi ikawa ya msafiri: yeye na mpiga picha wake, Allan Richardson, waliandikwa kuwa ndio wazungu wa kwanza katika historia iliyoandikwa kuula uyoga ule. Mgonjwa akatoweka, mganga akawa sehemu ya mandhari, na aliyebaki katikati ni mtafutaji. Sabina mwenyewe alisema baadaye kwamba kabla ya Wasson hakuna aliyewala watoto wale kwa ajili ya kumtafuta Mungu tu. Waliliwa ili wagonjwa wapone.

Kwa hiyo kipeperushi chako, kwa maoni yangu, hakiuzi dawa ya Sabina. Kinauza nafasi ya Wasson.

Mwanasheria Mstaafu

Ninakubaliana na Bi Msimulizi kwa sehemu kubwa, ila ninahofia tusije tukamfanya María Sabina kuwa mtu wa kuhurumiwa tu. Ni kweli kwamba Wasson alimficha kwa jina la Eva Mendez huku picha zikichapishwa, na kwamba wageni walipofurika nyumba yake ilichomwa moto, naye akawekwa kizuizini kwa muda. Lakini katika simulizi hiyohiyo ya mwaka 1977 anasema kwamba hata kama wageni wangefika bila kuletwa na mtu, angewaonyesha elimu yake, kwa kuwa hakuona ubaya ndani yake. Na mwaka 1962, Albert Hofmann, mkemia wa Uswisi aliyeitenga silosibini, alipompelekea vidonge, alivila, akavipima kwa ujuzi wake, na kusema kwamba vina nguvu ileile. Huyo ni mtaalamu anayetoa hukumu juu ya kazi ya mtaalamu mwenziwe. Hadithi ya bikizee aliyeporwa nayo ina soko lake, tena zuri.

Ninachotaka kuongeza kinahusu sheria. Mwaka 1986 Mmarekani Loren Miller alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya aina moja ya mmea wa ayahuaska, unaopikwa kuwa kinywaji cha ibada, ambao watu wa Amazoni wameutumia vizazi na vizazi. Mwaka 1999 COICA, muungano wa mashirika ya wenyeji wa bonde la Amazoni, waliipinga, na Novemba mwaka huo ofisi ya hataza ya Marekani ikaitengua. Tazameni sababu, maana mimi ilinikosesha usingizi: si kwamba wazee wa Amazoni waliujua mmea huo, bali kwamba sampuli zake zilizokaushwa zilikuwa tayari zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field, Chicago. Sheria ilisikiliza jani kavu lenye lebo, haikusikiliza watu. Januari 2001 hataza ikarudishwa, ikadumu hadi muda wake ulipokwisha mwaka 2003.

Mtu wa Maziwa Makuu

Mfano wa bara letu ni iboga, mmea wa Gabon. Katika Bwiti, ibada ya Wamitsogo, Waapindji, Wafang na wengineo, anayeingizwa hula maganda ya mzizi wake huku kinubi cha ngombi kikipigwa usiku kucha. Ukisoma historia ya ibogeini, dawa inayotokana na iboga, inavyosimuliwa Marekani, mara nyingi huanzia mwaka 1962, Howard Lotsof alipogundua kwamba hamu yake ya heroini imekatika. Mwaka 1985 akapata hataza. Simsingizii, alichokigundua kilikuwa kweli. Lakini hadithi ikianzia kwake, mvumbuzi ni yeye, na hataza humfuata mvumbuzi. Bwiti hubaki dibaji.

Gabon ilijitahidi: iliitangaza iboga kuwa urithi wa taifa mwaka 2000, na mwaka 2011 ikawa nchi ya kwanza kuridhia Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu kugawana manufaa yatokanayo na mimea na viumbe vya nchi. Ugumu ni kwamba itifaki hugusa mzizi unaotoka nchini, ilhali ibogeini huweza kutengenezwa kutokana na mimea mingine, na Marekani haijairidhia itifaki hiyo. Mwaka 2025 jimbo la Texas lilitenga dola milioni 50 kwa utafiti wa ibogeini.

Mkaazi wa Utrecht (mleta mada)

Nimewasoma wote, ahsanteni. Baada ya jibu la Bi Msimulizi niliwaandikia waandaaji wa mafungo kuwauliza mambo mawili: katika kilinge chao mgonjwa ni nani, na ruhusa ya kutumia picha ile waliipata kwa nani. Leo asubuhi wamenijibu kwamba anayejiandikisha kabla ya mwisho wa mwezi atapunguziwa bei.