Kopo langu limebonyezwa kitako: je, ibada yangu inapokelewa?

MamaMukene, Busia
Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Nauza mukene, yaani dagaa, hapa Busia, upande wa Uganda, na wateja wangu wengi huvuka kutoka Kenya. Kopo langu la kupimia lilipigwa nyundo kitako miaka sita iliyopita, kikaingia ndani vidole viwili. Juu linajaa, hata kilele naweka, mteja haoni kitu. Mstari mzima tunafanya hivyo.

Mimi naimba kwaya, nafunga Kwaresima, zaka sijawahi kuruka. Namugongo, kwenye hija ya Mashahidi wa Uganda, nimekwenda kwa miguu mara mbili, nikafika nyayo zimevimba. Lakini Jumapili, kapu la sadaka liliponifikia, nilishika noti inayonuka mukene, mkono ukasita. Sasa nikisali naliona kopo. Je, Mungu anapokea? Na nikilinyoosha peke yangu, watoto wanne watasomaje?

Mzee wa Walukuba, Jinja
Milele amina, mwanangu. Soma Samweli wa Kwanza sura ya 15, taratibu. Mfalme Sauli hakukataa kuabudu. Aliagizwa asibakize kitu cha Waamaleki, akabakiza kondoo na ng'ombe walionona, kisha akasema ni wa kumtolea Bwana. Nabii Samweli akamjibu kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu. Zaka yako mimi naiona kama wale kondoo. Sauli anadai ametimiza agizo, huku Samweli anawasikia wakilia. Usiache kwaya wala kufunga. Anza na kopo.

Binti Bombo
Mimi Mwislamu, dada, lakini hili ni letu pia. Sura ya 83 ya Kurani inaanza kwa ole kwa wapunjaji: wakipokea wanataka kipimo kitimie, wakiwapimia watu wanapunguza. Na Mtume Shuaibu alipowahimiza watu wa Madiani watimize vipimo, walimuuliza kama ni sala zake zinazomwamuru wasifanye watakavyo na mali zao. Walimkejeli, kumbe wamesema kweli: ndiyo, sala inakufuata mpaka sokoni. Pandisha bei kidogo, na mteja umwambie sababu.

Mwanakwaya, Tororo
Nasema kwa upendo. Mashahidi wa Namugongo, Karoli Lwanga na wenzake, walimkatalia Kabaka Mwanga mwenyewe, mfalme wa Buganda, wakachomwa 3 Juni 1886. Umetembea kote huko kuwaheshimu. Majirani wa mstari wasikutishe.

MamaMukene, Busia
Asanteni. Leo nimefika kabla ya wenzangu. Nimejaza kopo mara ya mwisho, nikamwaga mukene kwenye ndoo, kisha nikatia mchi ndani ya kopo na kugonga mpaka kitako kikashuka. Nikarudisha mukene ileile. Ikabaki nafasi tupu juu, vidole viwili kamili. Nilikaa nikaiangalia mpaka jirani akaniuliza kama naumwa.

Nimeongeza shilingi 500. Wateja wawili wameondoka, mmoja akarudi mchana.

Kinachonisumbua sasa ni hiyo miaka sita. Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili, aliahidi kurudisha mara nne, ila wengi wa wateja wangu hata majina siyajui. Ninaowajua ni akina mama watatu wa ng'ambo, huja kila Alhamisi. Nitawaeleza ukweli, na kila mmoja nitampimia makopo manne bila malipo. Mzee, kwa wale nisiowajua nifanyeje?