Tupeane uzoefu: mwaka wa kwanza ughaibuni mkiwa na watoto

Mama wa Watatu (Leeds)

Ndugu zangu, jana usiku mdogo wangu alinipigia simu kutoka Mbeya. Viza yake ya kazi imetoka, ya mkewe na za watoto wao wawili pia, na swali lake la kwanza lilikuwa wabebe kilo ngapi za sembe. Nilikaa kimya mpaka akadhani mtandao umekatika. Nilikuwa nimerudi Januari 2022, kwenye kituo cha basi, saa mbili kasoro robo asubuhi, giza bado, mvua inapigwa na upepo, mtoto mchanga nimembeba mgongoni kwa kanga ndani ya koti la mume wangu, na mbele yangu watoto wawili waliopangiwa shule mbili zilizoachana kilomita tatu, zote zikifunga geti saa tatu kasoro dakika kumi.

Kwa wasiojua, ukifika katikati ya mwaka unaomba nafasi kupitia halmashauri, nayo inakupa palipo na nafasi. Mume wangu alikuwa kazini tangu saa moja. Kwa wiki saba yule mdogo alichelewa kila siku, na shule ikaniandikia barua ya onyo kuhusu mahudhurio, nami nikaisoma nikilia kwa sababu kila kilichoandikwa mle kilikuwa kweli. Kule Mbezi watoto hawa walipita kwa dada wa kazi, kwa shangazi yao, kwa mama mwenye genge na kwa kondakta aliyewafahamu kwa majina kabla ya kufika shuleni, na mimi sikuwahi kuihesabu mikono hiyo mpaka nilipoikosa yote kwa siku moja.

Naomba kila aliyehama na familia aeleze lililomlemea zaidi, ili nimpe mdogo wangu jambo la maana kuliko hesabu ya unga.

Muuguzi wa Zamu (Coventry)

Dada, umenirudisha mbali. Barua kama hiyo ninayo mpaka leo kwenye droo.

Fundi wa Dortmund

Sisi tulifika Ujerumani mwezi wa Julai. Nyumba tuliyopata haikuwa na jiko, na simaanishi jiko la kupikia peke yake: hapakuwa na sinki wala kabati, mabomba mawili tu yaliyotoka ukutani, kwa sababu huku wapangaji wengi huhama na vyombo vyao vyote vya jikoni. Tuliosha vyombo bafuni kwa wiki tano. Ndani ya wiki mbili unatakiwa uwe umejiandikisha kwenye ofisi ya wakazi, ukiwa na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba, na bila usajili huo mambo mengine mengi hayasogei. Hayo yote tuliyavumilia.

Lililoniumiza lilitokea siku ya kwanza ya shule. Binti yangu alikuwa na miaka sita na alikuwa anaanza darasa la kwanza. Mke wangu alimsuka vizuri, tukamnunulia begi, tukafika mapema. Kila mtoto aliyekuwa pale alikumbatia koni kubwa ya karatasi iliyopambwa, karibu inamfikia kidevuni, imejaa peremende, penseli za rangi na zawadi ndogondogo. Ni desturi ya zamani sana ya Wajerumani, kila mzazi huiandaa, na kwa kuwa kila mtu anaijua, hakuna aliyefikiria kutuambia. Binti yangu alitazama mikono yake, akatazama yangu, akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kama amefanya kosa gani. Ndugu zangu, nimefiwa na baba yangu nikiwa mbali, lakini swali lile ndilo linaloniamsha usiku.

Mgeni Mtarajiwa (Nairobi)

Asanteni kwa ukweli huu. Mimi nina mke na watoto wawili na nimepata kazi nje. Je, baba atangulie peke yake kwanza, au familia isafiri pamoja?

Baba wa Edmonton

Tangulia, kaka. Mimi nilitangulia Kanada kwa miezi kumi na minne. Familia ilipotua nilikuwa tayari nina nyumba, namba ya utambulisho wa kazi, daktari, na nilikwisha kujifunza kwamba baridi ikifika nyuzi 30 chini ya sifuri injini ya gari huchomekwa kwenye umeme usiku kucha, la sivyo asubuhi haliwaki. Hebu fikiria kujifunza hayo ukiwa na watoto wanaotetemeka kiti cha nyuma. Sitaficha gharama yake: binti yangu mdogo alikuwa na mwaka mmoja nilipoondoka, na pale uwanja wa ndege alijificha nyuma ya mama yake, kisha kwa wiki kadhaa akawa ananiita mjomba. Ndiyo maana nasema tangulia, lakini usizidishe miezi sita.

Muuguzi wa Zamu (Coventry)

Nakupinga kwa heshima, baba. Heri kulala wanne kwenye godoro moja. Mtoto atasahau godoro, ila hatasahau kwamba hukuwepo. Pia Mgeni Mtarajiwa ajue kwamba si kila mtu anaruhusiwa kuchagua. Kwa Uingereza, tangu tarehe 11 Machi 2024, anayekuja kwa viza ya mhudumu wa wazee na wagonjwa haruhusiwi kuja na mwenza wala watoto, na tangu tarehe 22 Julai 2025 waajiri hawaruhusiwi tena kuajiri wahudumu wapya kutoka nje ya nchi. Wakala yeyote anayeendelea kukuahidi njia hiyo anakuibia.

Mama wa Watatu (Leeds)

Muuguzi amenikumbusha hesabu ambayo mdogo wangu hakuifanya mapema. Wanaokuja kwa viza za taaluma nje ya sekta ya afya hulipa ada ya huduma ya matibabu kwa mkupuo, kabla hata ya kupanda ndege. Tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, kwa kila mwaka wa viza. Watu wazima wawili na watoto wawili kwa miaka mitatu ni pauni 10,866, na hapo hujagusa ada ya viza yenyewe, kipimo cha kifua kikuu wala tiketi. Sisi tulifika tukiwa tumekwisha kukamuka, halafu dalali wa nyumba akataka mdhamini anayeishi Uingereza au kodi ya miezi sita. Mdhamini ungemtoa wapi?

Baba Pacha (Aberdeen)

Nimesoma kimya tangu asubuhi. Sijawahi kulisimulia jambo hili nje ya nyumba yangu, lakini maneno ya dada kuhusu mikono yamenifungua.

Mke wangu ni muuguzi na aliajiriwa kutoka Kenya. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu. Tulifika Oktoba tukiwa na mvulana wa miaka tisa na pacha wa miaka minne. Mke alipangiwa zamu za usiku, anarudi saa mbili na robo asubuhi. Mimi nilipata kazi ya ghala inayoanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa hiyo niliondoka nyumbani saa kumi na moja kamili. Malezi ya kulipia ya pacha wawili yangemeza mshahara wangu wote. Tulipiga hesabu usiku mzima, kisha tukaamua kwamba kwa muda ule wa saa tatu watoto watabaki wamelala, na kaka yao atakuwa na simu chini ya mto.

Tulifanya hivyo kwa wiki sita. Wiki ya saba, Desemba, pacha mmoja aliamka na njaa. Kaka yake akainuka amchomee mkate. Mkate ukaungua, king'ora cha moshi kikalia, na kwa kuwa shuleni walimfundisha kwamba king'ora kikilia unatoka nje bila kubeba kitu, akawashika wadogo zake mikono akatoka nao. Alifanya sawasawa kabisa. Mlango ukajifunga nyuma yao, maana huku milango mingi ukiisukuma tu hujifunga. Simu ilibaki chini ya mto. Saa kumi na mbili asubuhi, theluji imelala chini, na Desemba hapa jua halitoki mpaka karibu saa tatu. Watoto watatu wamevaa nguo za kulalia, hawana viatu.

Mwanangu aligonga mlango wa mkabala. Anaishi pale bibi kizee ambaye kwa miezi miwili na nusu tulikuwa hatujamwambia hata habari za asubuhi, tukidhani ndiyo adabu ya huku. Aliwaingiza, akawafunika mablanketi, akawapa maziwa ya moto, kisha akapiga simu polisi. Mke wangu alipofika alikuta gari la polisi mlangoni, naye akiwa bado amevaa sare ya kazi, na kwa dakika kadhaa aliamini kwamba wote watatu wamekufa.

Walikuja maofisa wa ustawi wa jamii. Waliongea na mvulana peke yake, kisha na kila mmoja wetu peke yake, wakafungua friji, wakatazama vitanda. Walikuwa wapole, na upole wao ulinitisha zaidi ya ukali. Kwa wiki kumi na moja walikuwa wakitutembelea, na katika wiki zote hizo mwanangu hakula vizuri kwa sababu aliamini kwamba ni yeye aliyetushtakisha. Niliacha kazi siku ileile.

Mpenda Haki (Minneapolis)

Pole, lakini sitakaa kimya. Hakuna kisingizio cha kuwaacha watoto wa miaka minne peke yao, nyumbani wala ughaibuni. Mngeunguza nyumba na majirani. Tusilifanye kosa hili kuwa simulizi ya huzuni.

Fundi wa Dortmund

Ndugu, umesoma kwa haraka. Hakujitetea mahali popote. Mtoto wa miaka tisa anayeangalia wadogo zake kijijini kwetu haangalii peke yake, kwa sababu akipiga kelele watu wazima kumi watatoka. Baba huyu alihama na desturi, ila wale watu kumi waliobaki nyuma ndio walioifanya desturi iwe salama.

Mpenda Haki (Minneapolis)

Hilo nalikubali. Hata hivyo mtu husoma sheria kabla ya kuhama.

Muuguzi wa Zamu (Coventry)

Sheria yenyewe haitaji umri, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Hakuna mwaka ulioandikwa, ila kumwacha mtoto katika hali inayomhatarisha ni kosa, na shirika la kulinda watoto la NSPCC hushauri kwamba walio chini ya miaka 12 ni nadra kuwa wamekomaa kiasi cha kuachwa peke yao kwa muda mrefu. Baba Pacha, mimi kama muuguzi ninayerudi asubuhi nimekuelewa mpaka kwenye mfupa. Mvulana anaendeleaje?

Baba Pacha (Aberdeen)

Yuko vizuri sasa, asante dada. Mpenda Haki hajakosea, na maneno yake nilijiambia mwenyewe kabla yake, kila usiku.

Mzaliwa wa Ng'ambo (Muscat)

Assalaam alaykum. Sisi tulihama Unguja kuja Oman, na nashukuru kwamba siku ya pili tu nilisikia Kiswahili sokoni, maana kuna koo nyingi hapa zenye mizizi ya Zanzibar. Mke wangu hakukosa wa kumjulia hali. Linalotulemea ni kwamba ukaazi wa familia nzima umefungwa kwenye mkataba wangu, kwa hiyo kazi yangu ikitetereka watoto nao hawana pa kusomea. Halafu kiangazi joto hupita nyuzi 40, na watoto waliozoea kucheza uani hukaa ndani kama wagonjwa. Jambo moja nawasihi: msiwaachishe watoto Kiswahili.

Baba wa Edmonton

Hapo sikubaliani nawe, kaka. Mwalimu alitushauri tuongee Kiingereza nyumbani, tukatii, na binti akawashika wenzake ndani ya muhula mmoja.

Mama wa Watatu (Leeds)

Na bibi yake anapopiga simu, wanaongea nini? Samahani kwa ukali huu, baba, lakini limenigusa. Wangu wa kwanza alikataa Kiswahili mwaka wa kwanza ili afanane na wenzake, nasi tukamwacha. Mwaka jana mama yangu aliugua. Aliomba kuongea na mjukuu wake, mtoto akashika simu, akalia, kwa sababu alikuwa na mengi ya kusema na hakuwa na maneno ya kuyasema. Kiingereza angekipata shuleni hata tungenyamaza nyumbani. Kiswahili hakuwa na mahali pengine pa kukipata.

Baba wa Edmonton

Nimekuelewa, dada. Nitalitafakari na mke wangu.

Mgeni Mtarajiwa (Nairobi)

Naomba yale ya wiki ya kwanza. Nibebe nini na nifanye nini?

Muuguzi wa Zamu (Coventry)

Beba kadi za kliniki za watoto zenye chanjo, ripoti za shule na vyeti vya kuzaliwa, kwenye begi la mkononi. Unga usibebe, maduka ya Waafrika na Waasia yanao. Nyama na maziwa usijaribu, hutaruhusiwa kuviingiza. Nguo usianike ndani bila kufungua dirisha, ukuta utaota ukungu na watoto watakohoa mpaka Aprili.

Fundi wa Dortmund

Mimi nasema beba unga, kilo mbili tu. Ugali wa jioni ya kwanza ndio uliowalaza watoto wangu.

Baba Pacha (Aberdeen)

Mgeni, siku utakayopewa nyumba mwombe mwenye nyumba funguo za ziada. Kesho yake, kabla hujafungua masanduku yote, mchukue mkeo na watoto mkagonge mlango wa jirani, mtaje majina yenu, na mkimwona ni mtu mwema baada ya majuma machache, funguo moja mwachie yeye. Yetu anayo yule bibi wa mkabala. Jumamosi mwanangu humsaidia kutoa mapipa ya taka.

Mama wa Watatu (Leeds)

Nimemsomea mdogo wangu ujumbe huu wa funguo kwenye simu sasa hivi, na mkewe ameomba niusome mara ya pili.