Eastleigh: mateja wa Kisomali hawachukui sindano zetu, na Ramadhani ndiyo hiyo

Wa_Pumwani: Wakuu, tunagawa sindano na kupima VVU maskani za Eastleigh. Wengine wanakuja, ila vijana wa Kisomali wanatupita kando. Hata vikaratasi tulivyotafsiri Kisomali wanavitupa. Na walio kwenye metadoni, ile dawa wanayopewa kliniki kila siku badala ya heroini, wakianza kufunga itakuwaje?

Juja_Road: Karatasi wacha. Kijana aliyezaliwa Eastleigh anakushinda Sheng. Anachoogopa ni mjomba kumwona kando ya gari lililoandikwa UKIMWI. Futeni maandishi, vaeni kawaida. Mhudumu rika awe aliyewahi kutumia, wa mtaa huo huo, lakini si wa ukoo wa karibu, maana habari itafika nyumbani kabla ya magharibi. Wasichana wahudumiwe na mwanamke, ndani ya kliniki ya kawaida ya mama na mtoto.

Sindano hesabuni kwa mdungo: anayejidunga mara tatu kwa siku anataka 21 kwa wiki, si pakiti moja ya kupigia picha. Ongezeni vijiko, pamba na maji safi. Wengi wataapa hawagawani sindano, kumbe wanavuta kutoka kijiko kimoja, na hepatitisi C hupitia hapo hapo.

Mfamasia_Ngara: Metadoni ni ya kunywa, kwa hiyo inafunguza. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, ila hilo aliseme imamu, si wewe. Wengi watafunga tu, kwa hiyo iombeni kliniki ifungue baada ya futari.

Msihamishe saa ya dozi ghafla. Kutoka dozi ya saa mbili asubuhi hadi ya saa moja usiku wa kesho yake ni saa 35. Arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, itamrudisha kwenye kete za heroini. Sogezeni muda kidogo kidogo mwishoni mwa Shaabani, daktari akijua. Idi ndiyo mbaya zaidi, na watu huisahau: akinywa usiku kisha asubuhi yake, dozi zimeachana saa 13 tu. Metadoni hujikusanya mwilini. Analala, pumzi inakata. Rudisheni pole pole vilevile, naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa, ikiwa karibu. Aliyekosa siku tatu mfululizo asipewe dozi yake ya zamani kabla daktari hajampima upya.

Wa_Pumwani: Shukrani. Na aliyegawana sindano juzi?

Mfamasia_Ngara: Leo hii apimwe, aanze PEP, vidonge vya kuzuia VVU baada ya tukio kama hilo. Mwisho wa kuanza ni saa 72 tangu tukio, halafu anameza siku 28 bila kuruka. Wakati wa kufunga, kidonge cha mara moja kwa siku anaweza kumeza akifuturu au kwenye daku, bora saa iwe ile ile.